Kijana Anayeomba Kubadilisha Shule kwa Mara ya Pili

Mhadhara kwa wazazi na walezi, Mwanza



Jambo nililoombwa kulizungumza jioni hii si kubwa katika macho ya ulimwengu, wala magazeti hayaliandiki. Walakini katika mji huu, kutoka Igoma mpaka Ilemela, na kutoka Mkolani mpaka Kirumba, ni adimu nyumba yenye kijana wa miaka 16 au 17 ambayo haijalionja. Kijana aliyehamishwa shule mwaka jana kwa gharama na taabu, akaahidi kwamba sasa atatulia, hurudi likizo na uso mzito, akala kidogo, akalala mchana, na siku ya tatu au ya nne akamwendea mama yake jikoni, maana kwa baba haendi, akamwambia kwamba ile shule haimfai, au yale masomo hayamfai, na kwamba anaomba abadilishiwe. Mama hupeleka habari kwa baba, baba huhamaki, jirani husikia, na kabla ya magharibi ukoo mzima una rai juu ya jambo hilo, na rai ya wengi ni kwamba mtoto amedekezwa.

Sikuja kumtetea kijana wala kumshutumu mzazi. Nimekuja kusema jambo moja, na yote mengine nitakayoyataja yatalizunguka hilo: kwamba kijana anayeomba kubadilisha kwa mara ya pili, aghalabu, ndiyo kwanza anachagua. Yale yaliyotangulia alichaguliwa. Kwa hiyo ombi lake la pili lastahili kusikilizwa kwa makini kuliko lile la kwanza, ijapokuwa desturi yetu ni kulisikiliza la kwanza kwa huruma na la pili kwa ghadhabu.

Tutazame jinsi mtoto wa kwetu anavyofika pale alipo. Amalizapo darasa la saba hupangiwa sekondari ya kata, na hapana amwulizaye neno. Akiingia kidato cha tatu hugawanywa yeye na wenziwe, huyu sayansi, huyu sanaa, huyu biashara, na mgawanyo huo hufuata alama za mtihani wa kidato cha pili, au idadi ya walimu wa hesabu waliopo shuleni, au sauti ya baba, mara nyingi zaidi kuliko unavyofuata mapenzi ya mtoto mwenyewe. Akifika kidato cha nne hupewa ile fomu ya machaguo tunayoiita Selform, akajaza tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano, na shule na vyuo anavyovitaka, katika majuma ambayo fikra zake zote zimezama katika mtihani wa Novemba, na si ajabu akanakili alichojaza mwenziwe wa dawati moja. Kisha mtambo wa Ofisi ya Rais TAMISEMI hupima alama zake na nafasi zilizopo nchini, ukampanga. Na mtoto wa Nyamagana aliyeandika HGL (historia, jiografia na Kiingereza) katika shule ya hapa hapa mjini hujikuta ameitwa kusoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) katika mkoa ambao hajapata kuukanyaga. Simlaumu mtu kwa hayo, kwa kuwa watoto ni wengi na vitanda vya mabweni ni vichache. Lakini mzazi amwambiaye kijana huyo, "Wewe mwenyewe ulichagua," asema neno ambalo hata yeye, akitulia, ataliona kuwa si la haki.

Na ule uhamisho wa kwanza, ambao twamsimanga nao leo, ulikuwa wa nani? Mara nyingi ulikuwa wetu. Jirani alimsifu mtoto wake aliyeko seminari, au matokeo yalipobandikwa tuliona shule fulani imepanda na yetu imeshuka, basi tukatafuta nafasi, tukaomba watu, tukanunua godoro jipya na tranka, ndoo, reki, jembe na rimu ya karatasi kama fomu ya kujiunga ilivyoagiza, tukampeleka mtoto kituo cha mabasi cha Nyegezi alfajiri, naye akapanda basi kwa sababu tiketi ilikuwa imekwisha kukatwa. Ni kweli kwamba ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali iliondolewa mwaka 2022, kama ile ya vidato vya chini ilivyoondolewa mwaka 2016. Lakini godoro halikuondolewa, wala nauli, wala ile michango ambayo kila mzazi hapa aijua kwa majina yake. Gharama hiyo ndiyo ituumayo, na katika maumivu yake twasahau kwamba safari ile tuliipanga sisi.

Tena sisi wakubwa, tunaowasuta vijana kwa ukigeugeu, hatujatulia hata kidogo. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumepitia michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, tukaja na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, tukaja na nyingine ya mwaka 2014, na hiyo nayo tukaitolea toleo jipya mwaka 2023; matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 tuliyatangaza kwa GPA, na haukupita muda mrefu tukarudia divisheni zetu za zamani. Mwaka 2024 tahasusi mpya 49 ziliongezwa juu ya zile zilizokuwapo, jumla ikawa 65, na vijana waliomaliza kidato cha nne mwaka 2023 wakaruhusiwa kuzirudia fomu zao na kubadilisha walichokwisha kukijaza. Sisemi kwamba mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Mengine, kwa rai yangu, yalichelewa. Nasema tu kwamba dola yenye makatibu na wataalamu ikihitaji kufikiri mara nne, mtoto wa miaka 17 akifikiri mara mbili hajawa mwendawazimu.

Ngoja niwape mifano ya watu wa ziwa hili, ambao habari zao hazina siri.

Ng'ambo ya maji haya, katika kisiwa cha Ukerewe, alizaliwa mwaka 1896 Aniceti Kitereza. Alisomeshwa kwanza na wamisionari wa Kagunguli, na mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akakaa huko takriban miaka 10 akijifunza Kilatini na Kiyunani na Kijerumani na elimu ya dini, katika njia ambayo mwisho wake ulijulikana kwa kila mtu, yaani upadri. Mwaka 1919 aliiacha njia hiyo akarudi kwao pasipo upadrisho. Mzazi mwenzangu, ifikiri hali hiyo kidogo: miaka 10, katika zama ambazo mtu aliyejua kusoma alikuwa akihesabiwa kwa vidole katika kijiji, imekwisha, na kijana amerudi nyumbani bila ya kanzu. Lau angekuwa mtoto wako, ungemwambia nini siku aliposhuka mtumbwini? Walakini mtu yule alioa, akashika kazi nyingine za riziki yake, na katika saa zilizosalia akaiandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya maisha ya watu wa kisiwa chake, jinsi walivyooana na kuagana, walivyolima na kuvua, walivyougua na kuagua, akaikamilisha mwaka 1945. Na miaka ilipopita pasipo mtu wa kuichapa, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, nasi twaijua kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki dunia.

Mimi siamini kwamba ile miaka 10 ya Rubya ilipotea. Kukaa kitako na karatasi saa nyingi, kuipanga sentensi ndefu mpaka isimame, kutafuta neno lililo sawa na jambo na kulikataa lililo karibu tu, hayo hayamwingii mtu kwa siku moja. Na mtu aliyesomeshwa lugha tatu za kigeni huku akiwaza kwa Kikerewe alikuwa, ajue asijue, akinolewa kwa kazi ambayo walimu wake hawakuikusudia. Kwa hiyo tunapolia kwamba mwaka wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) umekwenda bure kwa sababu kijana ataka kuhamia EGM (uchumi, jiografia na hesabu), tuseme kwa kiasi, maana hesabu alizozisoma hazimtoki kichwani kwa kuwa jina la tahasusi limegeuzwa. Lakini tusimfanye Kitereza kuwa hirizi ya kumvisha kila mtoto anayeacha shule. Yeye aliacha njia moja akashika kazi. Hakuacha njia akashika kivuli cha mwembe.

Wa pili mnamjua zaidi, kwa kuwa alikuwa Rais wa nchi hii. John Magufuli, mzaliwa wa Chato, aliingia seminari ya Katoke huko Biharamulo mwaka 1975, na mwaka 1977 akaja kumalizia kidato cha nne hapa hapa Mwanza, katika shule ya Lake; kisha akaenda Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano na sita, akabaki Mkwawa kusomea ualimu, akaja kufundisha kemia na hesabu Sengerema, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akarudi Mwanza kuwa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza mpaka mwaka 1995 alipoingia Bungeni, na mwaka 2009 akapata shahada ya uzamivu, tena katika kemia. Mtu akizihesabu shule na vituo vyake atasema hakutulia. Akizitazama kazi zake za masomo ataona kwamba kitu kimoja hakikubanduka tangu ujana mpaka utu uzima, nacho ni kemia.

Hapo ndipo ulipo mpaka ambao mzazi apaswa kuujua kabla hajanena lolote. Kuhama shule ni jambo moja, na kuhama masomo ni jambo jingine, na kijana mwenyewe mara nyingi huyachanganya, kwa sababu maumivu yote mawili humpata mahali pamoja. Anayesema, "Siipendi fizikia," pengine humchukia mwalimu wa fizikia. Na anayesema, "Shule ile ni mbaya," pengine hana ugomvi na shule ila amechoka kuwa wa mwisho darasani. Ukimpa wa kwanza tahasusi mpya na wa pili shule mpya, umewatibu kila mmoja kwa dawa ya mwenziwe, na baada ya miezi sita wote wawili watakuwa tena jikoni kwa mama.

Namna ya kuujua mpaka huo nilifunzwa na mwanamke mmoja mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kirumba, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba. Binti yake, ambaye simtaji wala shule yake siitaji, alikuwa kidato cha tano PCB, baada ya kuwa amekwisha kuhamishwa mara moja katika vidato vya chini, naye alirudi likizo ya Desemba akaomba aiache PCB aingie CBG. Baba alikwisha kukataa. Mama hakukubali wala hakukataa. Alingoja binti aende kuchota maji, akalifungua tranka, akazitoa daftari zote akazipanga juu ya mkeka. Kiingereza kilichokuwamo hakikumfungukia, lakini alizitazama kama anavyolitazama gunia la dagaa lililotoka visiwani, ambalo mjuzi halihukumu kwa juu, bali hutia mkono mpaka katikati aone kama chini kuna mchanga. Daftari la fizikia lilianza kwa vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa wino mwekundu na tarehe zilizoandikwa kwa rula. Kufika habari za mwendo, hesabu zilianzwa zikaachwa katika mstari wa pili, kisha kurasa nyingi zikawa na tarehe peke yake, hapana neno chini yake. La baiolojia lilikuwa kaunta buku la pili, la kwanza likiwa limejaa, na michoro yake imetiwa rangi. Na chini kabisa, limefungwa ndani ya khanga, palikuwa na daftari la jiografia, somo ambalo halimo katika PCB. Alikuwa akilinakili usiku kutoka kwa rafiki yake wa CBG, sura baada ya sura, tangu Septemba.

Binti aliporudi na ndoo kichwani alikuta daftari zake mkekani, akasimama mlangoni asiitue.

"Tua ndoo, mwanangu," mama akamwambia. "Unajua kwamba ukiiacha fizikia, lile jengo pale juu hutaingia kama daktari?"

"Najua, mama. Hilo nimekwisha kulilia huko huko shuleni. Nimemaliza."

Lile jengo pale juu, hamna haja ya kuambiwa, ni hospitali ya Bugando. Kila mtu wa Mwanza ajua kwamba huwezi kuinua macho katika mji huu usiione juu ya kilima chake, ukiwa sokoni, ukiwa barabarani, ukiwa katika kivuko cha Kamanga. Na mimi nina dhana, ambayo sina ushahidi wake ila miaka ya kusikiliza wazazi, kwamba kilima kile kimewaingiza katika PCB watoto wengi wa mji huu kuliko walimu wao wote wa sayansi. Mama yule alikuwa mmoja wa wazazi waliovutwa na kilima hicho. Alikuwa ameliahidi jengo lile kwa mashoga zake wa mwaloni.

Na jawabu la binti lilikuwa sahihi, na usahihi wake ndio uliomshinda mama. Kati ya PCB na CBG kilichobadilika kwa macho ni somo moja tu, fizikia imetoka na jiografia imeingia; lakini shahada ya udaktari wa tiba yataka ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia kwa pamoja, basi herufi ile moja ikiondoka, mlango ule umefungwa, na milango mingine, ya kilimo, ya mazingira, ya sayansi ya samaki na maji, imebaki wazi. Binti alikuwa ameijua milango yote miwili, uliofungwa na uliobaki, kabla hajaja kuomba. Hiyo ndiyo tofauti ya anayechagua na anayekimbia. Anayekimbia atakueleza kwa ufasaha kila ubaya wa mahali atokapo, na ukimwuliza habari za aendako atakwambia jina lake tu.

Jambo lenyewe lilikwisha kwa wepesi ambao hakuna aliyeutazamia. Shule ile ile ilikuwa na darasa la CBG, alama za binti za kidato cha nne katika jiografia zilikuwa B, mkuu wa shule alikubali, godoro na tranka havikusogea. Nalitaja hili kwa sababu wazazi wengi hukimbilia kutafuta shule nyingine kabla ya kuuliza kama dawa imo humo humo. Jiografia nayo imemtoa jasho, hasa takwimu na usomaji wa ramani, na mama yake hajaacha kukitazama kile kilima. Lakini kurasa zenye tarehe tupu zimekwisha.

Wakati, mabibi na mabwana, hauna huruma katika mambo haya. Kidato cha tano huanza Julai na mtihani wa kidato cha sita huwa Mei, kabla ya miaka miwili kutimia, na ukiondoa likizo, muda uliopo ni mfupi kuliko unavyoonekana katika kalenda. Abadilishaye tahasusi katika majuma ya mwanzo hupoteza kidogo. Abadilishaye Januari, kama binti yule, yampasa awe amekwisha kuanza kusoma kwa siri, la sivyo hatawafikia wenziwe. Na aombaye baada ya kuandikishwa na Baraza la Mitihani katika kituo chake aomba jambo ambalo hata mkuu wa shule mwenye moyo wa nta hawezi kumpa. Na uhamisho wa shule hadi shule una barua zake, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mkuu wa shule, na kutoka kwa mkuu wa shule anayetoa kwenda kwa anayepokea, ambaye sharti aseme kwamba nafasi anayo, na juu yao maofisa wa elimu, na ukiuvuka mpaka wa mkoa mikono ya kupitia huzidi. Asiyeanza mapema hukuta muhula umekwisha na barua ingali mezani kwa mtu.

Wapo vijana wasiotaka tahasusi yoyote, wanaotaka kukiacha kidato cha tano waende chuo, na hao ndio huwaumiza wazazi kuliko wote, kwa kuwa sisi tumejifunza kuiona njia ya kidato cha sita kama njia ya watu na nyingine zote kama vichochoro. Ni dhana iliyopitwa na wakati. Mwenye stashahada nzuri huingia chuo kikuu kwa sifa linganifu, na wengine hufika huko wakiwa na ujuzi mikononi ambao mhitimu wa kidato cha sita hana. Nasi wa Mwanza tuna bahati kwamba vyuo hivyo vi karibu kiasi cha kuvitazama kwa macho: cha uvuvi kiko Nyegezi, cha wanyamapori kiko Pasiansi, cha ualimu Butimba, VETA wapo Nyakato. Mpeleke kijana siku ya kazi, si siku ya mahafali. Akauone uvuvi wakati samaki wanapasuliwa na mikono inanuka. Akaione karakana saa saba mchana bati likiwa limeshika moto. Akirudi akiwa bado ataka, umejua jambo. Akirudi kimya, umejua jingine, na nauli ya daladala ni rahisi kuliko ada ya muhula.

Sasa nifikie lile ambalo mtu hulizungumza kwa sauti ya chini. Yako maombi ya kuhama ambayo hayahusiani na masomo kabisa, nayo huja yamevaa nguo ya masomo kwa sababu kijana hana nguo nyingine ya kuyavika. Mtoto analala na njaa. Mtoto anapigwa, na walimu au na wakubwa wa bweni. Binti anakosa taulo za kike na maji, na siku hizo hukaa kitandani akiandikwa mtoro. Au yuko mtu mzima, mwenye cheo juu yake, anayemwita ofisini baada ya saa za kazi. Kijana wa namna hii hatamwambia baba, na mara nyingi hata mama hatamwambia. Atasema tu kwamba hesabu zimemshinda, ijapokuwa mwaka jana alikuwa wa tatu. Alama zilizoanguka ghafla katika masomo yote kwa pamoja si habari ya tahasusi. Hapo desturi zetu zilimweka shangazi, na palipo na shangazi mwenye kifua, naomba apewe nafasi ya kukaa na mtoto faragha kabla ya kikao cha wanaume. Na yakidhihirika hayo, hapana tena suala la mara ya pili wala ya tatu, wala la gharama, wala la kalenda: mtoto aondoke, na aliyemdhulumu ashitakiwe. Sina subira na mzazi awezaye kusikia habari hiyo akauliza habari za godoro.

Je, mzazi anayo ruhusa ya kukataa? Anayo, na pengine ni wajibu wake. Kijana amfuataye rafiki, aliyehamia Arusha mwezi uliopita naye ataka Arusha. Kijana asiyejua aendako ila jina. Kijana wa kidato cha sita aliyeamka Februari akagundua kwamba alizaliwa kuwa mwanasheria: hao waambiwe hapana, kwa maneno ya upole na kwa sababu iliyotajwa, na waambiwe pia ni lini mlango utafunguliwa, maana hapana isiyo na tarehe huwa ukuta, na kijana mbele ya ukuta huacha kusoma hata yale aliyokuwa akiyaweza. Aliyekosa usikivu wa nyumbani huutafuta barabarani, na sote twajua barabara za mji huu zimejaa watu walio tayari kumsikiliza.

Na yule ambaye mmekubali kumbadilishia, msimfanyie kila kitu. Barua ya kuomba aiandike yeye, kwa mkono wake, kisha mzazi atie sahihi. Akiandika mara tatu ikachanwa mara tatu, ni sawa. Kwa mkuu wa shule aende nanyi, na yeye ndiye aseme. Nimeona kina baba waliosema ofisini dakika nyingi za kumwombea mtoto, mtoto amekaa pembeni akitazama kalenda ya ukutani, na mwalimu akamgeukia akamwuliza, "Wewe wataka nini?" naye akajibu kwamba yeye ataka anavyotaka baba. Kesi ilikwisha pale pale, na mwalimu hakukosea.

Limebaki la jamaa. Katika nchi yetu mtoto hasomeshwi na watu wawili. Yuko baba mkubwa kule Magu aliyeuza ng'ombe, yuko mjomba mwenye mtumbwi na karabai huko Ukara aliyetuma fedha za msimu mzuri, yuko dada aliyeolewa ambaye hukata katika posho ya nyumbani kwake, na kila mmoja wao amenunua, kwa akili yake, sehemu ya daktari au ya mhandisi. Hawa wakisikia kwa watu kwamba mtoto amebadilisha tena, watahisi kwamba wamedhulumiwa, na msimu ujao mkono utakuwa mzito. Baba asiwapigie simu kuwaeleza. Kijana mwenyewe apande kivuko au basi, akawasalimu, akaketi chini, akaeleza ameacha nini na ameshika nini, na fedha yao iko wapi. Mjomba atafoka; ana haki ya kufoka. Pengine atasema hatatoa tena hata senti, na kijana amwitikie, "Ndiyo, mjomba," asijibizane naye. Kisha matokeo ya muhula wa kwanza yatakapotoka, mazuri au ya wastani, arudi nayo kwa mjomba yule yule, karatasi mkononi, hata kama hakuitwa.